Skrubu Iliyo Karibu na Mkono

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya mashine na mambo ya maadili ni mambo mawili yasiyokutana. Mashine, husema, ni chuma tu; chuma hakina wema wala ubaya, na anayeitengeneza vibaya amekosea kazi, hakumkosea mtu. Nimefundisha kwa miaka mingi, na sasa uzeeni nimepata nafasi ya kulitafakari jambo hili bila kukimbizwa na kengele. Naona kwamba namna mtu anavyotafuta chanzo cha ubovu, hata ubovu wa pikipiki, ni jambo la maadili tangu mwanzo hadi mwisho. Nitaeleza kwa nini, na namwomba msomaji anivumilie nikianza na habari za gereji kabla ya kufika kwenye habari za watu.

Hapa Sumbawanga, na kote katika nyanda za juu za Ufipa, pikipiki imekuwa punda wa kila kijiji. Hubeba mgonjwa kwenda zahanati, mahindi na maharage kwenda mnadani, na mwalimu kwenda shuleni. Vijana wengi hupata mkate wao kwa kazi ya bodaboda. Kwa hiyo ugonjwa wa pikipiki ni ugonjwa wa mfuko wa familia nzima. Miongoni mwa magonjwa hayo upo mmoja msumbufu sana: injini kunguruma kwa nguvu wakati dereva hajavuta mafuta. Mwendo huo wa injini iliyoachwa ijiendee yenyewe mafundi wetu huuita sailensa, na ukizidi husema kwamba sailensa iko juu. Pikipiki ndogo ya cc 125 iliyo nzima, ikishapata moto, aghalabu hutulia kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Yenye ugonjwa huu hupiga kelele kana kwamba kuna mkono usioonekana unaoivuta mafuta. Dereva akiachia, mlio haushuki upesi. Hubaki juu kwa muda, kisha hushuka shingo upande.

Sasa, ubavuni mwa kabureta kuna skrubu moja ya kurekebisha sailensa. Imewekwa mahali pa wazi, ili bisibisi iifikie bila kufungua kitu chochote. Ukiikaza, mlio hupanda, ukiilegeza, hushuka. Hiyo ndiyo sababu fundi wa haraka huanza hapo na kuishia hapo. Huilegeza nusu mzunguko, kelele hupungua, mwenye pikipiki hufurahi, fedha hutoka mfukoni, na wote wawili huagana kwa amani. Baada ya siku mbili kelele hurudi.

Tuangalie kwa nini. Skrubu ile huamua mlango wa hewa ndani ya kabureta ubaki wazi kiasi gani dereva anapoachia mafuta. Ni kama kigingi kinachouzuia mlango usifungwe kabisa. Lakini ikiwa hewa inaingia kwa mlango mwingine, kwa mfano kupitia ufa katika mpira unaounganisha kabureta na injini, kuubana mlango wa kwanza hakuuzibi ule wa pili. Hewa ya wizi huingia bila kuchukua sehemu yake ya petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, injini inachemka kupita kiasi, na mlio wake unapanda na kushuka bila utaratibu. Fundi wa kwanza akilegeza skrubu, injini inazimika asubuhi ikiwa baridi. Fundi wa pili, akiona inazimika, anaikaza tena. Hivyo pikipiki huzunguka kwa mafundi watatu au wanne, kila mmoja akifuta kazi ya mwenzake, na ufa upo palepale.

Asiyeishi huku kwetu anaweza kusema kwamba kelele haiui mtu. Huyo hajateremka kutoka Ufipa kwenda Bonde la Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Anayekwenda Muze au Mtowisa huteremka karibu mita 1,000 kwenye ukuta wa bonde, mara nyingi akiwa amepakia abiria na mzigo. Katika mteremko kama huo dereva hutegemea injini imsaidie kushika mwendo. Injini isiyokubali kutulia haishiki inavyopaswa, bali inasukuma. Kazi yote huangukia breki, breki hupata moto, na breki yenye moto haina uaminifu. Fundi aliyenyamazisha kelele mjini bila kutafuta chanzo amemkabidhi mwenzake hatari isiyo na sauti. Hapo ndipo mtu anapoanza kukosewa, wala si chuma peke yake.

Lazima nitende haki, maana zipo nyakati ambapo skrubu ndiyo yenye jambo. Huku juu hewa ni nyepesi. Kanieneo yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi yetu inajulikana. Fundi wa hapa huikaza skrubu kidogo ili injini isizimike, na ana sababu. Pikipiki hiyohiyo ikifika kando ya Ziwa Rukwa, au Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, penye joto na hewa nzito zaidi, mlio wake unaweza kupanda bila kitu chochote kuharibika. Dereva mwenye kuelewa huilegeza kidogo akifika bondeni, na kuirudisha akipanda. Lakini maelezo haya ya kweli yamegeuzwa kuwa maficho. Utawasikia watu wakisema, "Ni mambo ya mwinuko hayo," kwa pikipiki ambayo haijatoka mjini mwezi mzima. Sababu iliyo ya kweli mahali pengine si lazima iwe ya kweli mahali hapa.

Fundi mwenye adabu ya kazi huenda kwa utaratibu, kutoka nje kwenda ndani, na kutoka kilicho rahisi kwenda kilicho kigumu. Kwanza hutazama kama choki imesahauliwa ikiwa imevutwa. Kisha huwasha injini na kuugeuza usukani kushoto na kulia. Mlio ukipanda usukani unapogeuka, kebo ya mafuta imebana au imepitishwa vibaya. Huhakikisha mkono wa mafuta una uhuru wa milimita chache kabla kebo haijaanza kuvuta, na kwamba ukiachiwa unarudi wenyewe. Hutazama kama ile pistoni ndogo ndani ya kabureta imekwama kwa vumbi, na vumbi la kiangazi cha Ufipa linatosha kukwamisha mengi. Hupima kama kuna hewa ya wizi. Mwisho ndipo hufungua kabureta na kuzibua vijitundu vya petroli. Na katika yote hayo hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akihesabu mizunguko ya skrubu, ili kisiposaidia akirudishe kilipokuwa. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichoponya, hata kama pikipiki imepona.

Nitoe mfano mmoja ninaoufahamu vizuri. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye baba yake alipita mikononi mwangu darasani, alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kila jioni alipaswa kumpelekea mwenye mali fedha waliyokubaliana, na muda ukitimia pikipiki ingekuwa yake. Sailensa ikapanda. Mafundi watatu waliizungusha ile skrubu, na kila mara ugonjwa ulirudi. Mafuta yakawa yanakwisha kabla ya wakati, abiria wakaanza kulalamika kwamba pikipiki inaruka inapoingizwa gia, na fedha ya jioni ikaanza kupungua.

Ndipo kijana akaona jambo. Asubuhi, akiwasha pikipiki nyumbani kwao, ilikuwa imetulia. Alipofika njia panda, umbali wa kilometa mbili na ushee, akasimama kusubiri abiria, ilikuwa inaunguruma. Na pale njia panda ipo nyumba ya bibi mmoja mjane, ambaye familia ya kijana ilikuwa na mgogoro naye wa mpaka wa shamba. Jambo hilo lilitokea leo, likatokea kesho, likatokea kesho kutwa. Kijana huyu hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake kwamba kitu fulani kinafuatana na kitu kingine, na hivyo ndivyo hata wanasayansi huanza. Upungufu wake haukuwa katika kuona. Ulikuwa katika kusimama hapohapo.

Alipokuja kwangu hakuja kutafuta fundi. Alikuja kutafuta mtu mzima wa kufuatana naye kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya salamu akaniambia, "Mwalimu, pikipiki yangu ni nzima mpaka ifike pale. Na baba anasema wewe ndiye uliyewafundisha kuangalia ushahidi."

Sikumjibu kwamba uchawi haupo. Mjadala huo nimeusikia tangu utotoni, na sijaona mtu aliyeshindwa humo akabadili mwenendo wake kesho yake. Nilimwomba jambo moja tu. Kesho asubuhi, badala ya kwenda njia panda, aende upande wa pili, umbali uleule na mwendo uleule, kisha asimame kama anavyosimama kusubiri abiria. Siku ya kwanza alirudi kimya. Siku ya pili alikwenda tena kwa hiari yake. Kule nako pikipiki iliunguruma kama ilivyounguruma njia panda. Huko hapakuwa na nyumba ya mtu yeyote. Palikuwa na shamba la alizeti. Nyumba ya bibi ilikuwa imesimama tu mahali ambapo injini ile hupata moto.

Baada ya hapo tulikwenda kwa fundi mzee asiyependa haraka. Alifanya utaratibu nilioueleza. Kebo ilikuwa salama na choki ilikuwa salama. Kisha aliiacha injini ikiunguruma, akachukua chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, akanyunyizia maji kidogo kwenye ule mpira wa kabureta, akichunga yasiguse injini yenye moto. Mara ile mlio ukashuka. Maji yalikuwa yameziba njia ya hewa kwa nukta chache. Yalipokauka, mlio ukapanda tena. Alinyunyiza mara ya tatu, na kijana mwenyewe akashuhudia. Mpira ulipofunguliwa na kukunjwa kwa vidole, ufa ulionekana upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki ukiwa umefungwa. Ulipokuwa baridi ulijibana. Ulipopata moto ulilegea ukavuta hewa.

Hapa mtu angetegemea hadithi iishe, na kama ingeishia hapa nisingeona haja ya kuiandika. Kijana aliutazama ule mpira kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Sawa, Mwalimu, mpira umepasuka. Lakini kwa nini upasuke wangu? Tuko vijana ishirini pale kijiweni, na pikipiki ni za aina moja."

Swali hili ni la zamani, na si la Wafipa peke yao. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Kiingereza wa mila za watu, Evans-Pritchard, alitoa kitabu kuhusu Waazande, ambao leo wanaishi Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alieleza kwamba ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa chini yake kupumzika kivulini, Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanajua pia kwamba watu walikaa pale kukwepa jua. Wanachotaka kujua ni kwa nini ghala lile lianguke saa ileile walipokuwa chini yake watu walewale. Mchwa wanaeleza ghala. Hawaelezi kwa nini ni mimi. Pengo hilo ndilo linalojazwa na jina la mchawi.

Siwezi kumcheka anayeuliza hivyo. Mgonjwa wa saratani London au Dar es Salaam huuliza swali lilelile, na daktari mwenye vipimo vyote hana jibu la kumpa. Zaidi ya hayo, anayeuliza "kwa nini mimi" walau anaamini kwamba mikasa ya binadamu ina uzito. Fundi wa skrubu hajafika hata hapo. Yeye anataka kelele inyamaze tu. Kwa hiyo swali la kijana lilikuwa swali halali. Ninachokataa ni kwamba swali halali lazima lijibiwe kwa jina la mtu.

Nilimjibu kwamba sehemu ya swali lake ina jibu na sehemu haina. Yenye jibu ni hii: mpira huchoka kwa moto, kwa petroli na kwa miaka, wake ulikuwa umefunguliwa na kukazwa upya mara tatu na wale mafundi wenye haraka, na klipu yake ilikuwa imekazwa mpaka ikaukata. Wale wenzake kumi na tisa hawakupitishwa humo. Kuhusu sehemu iliyobaki, kwa nini iwe mwaka huu ambao alihitaji fedha zaidi kuliko mwaka jana, nilimwambia kwamba mtu mzima hujifunza kukaa na swali hilo bila kulipatia mtu wa kulibeba. Sijui kama alikubali. Lakini kwa mwenyekiti hakwenda.

Jina la mji wetu lenyewe linatukumbusha. Wenyeji hueleza kwamba Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Mgeni anayeingia aache mambo hayo nje. Wageni hulifanyia jina hili mzaha, na wengine hutuogopa. Mimi naona ni agizo zuri, ila halijasema uchawi utupwe namna gani. Wapo wanaodhani kuutupa ni kuwasaka wachawi. Lakini anayemsaka mchawi ameuokota uchawi, maana amefanya jina la jirani liwe kisababishi cha kila ufa. Kuutupa kweli ni kulitupa lile zoea la kujibu msiba kwa jina.

Na tusidhani kwamba wazee wetu walikuwa watu wa dawa tu, wasiojua kutafuta chanzo. Wafipa walikuwa wayeyushaji mashuhuri wa chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, marefu kuliko kimo cha mtu, na mabaki yake bado yapo katika nyanda zetu. Tanuru hilo halikupulizwa kwa mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini yake, na urefu wake ndio uliofanya mvuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilitumika. Ni kweli kwamba kazi hiyo iliambatana na dawa na miiko mingi. Lakini dawa peke yake haikuyeyusha jiwe hata moja. Ilibidi mtu ajue udongo upi hauchaniki kwa moto, mkaa upi unafaa, na hewa iingie wapi na isiingie wapi. Ufa katika ukuta wa tanuru ungeharibu mvuto, kama vile ufa katika mpira wa kabureta unavyoharibu sailensa. Watu waliojua kuongoza hewa kiasi hicho hawakuwa wageni wa kazi ya kutafuta chanzo. Sisi wajukuu wao tumerithi miiko na kusahau mirija.

Nimesema habari ya kijana huyu kwa sababu iliishia pazuri. Msomaji anajua kwamba nyingine haziishii hivyo. Kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1970, Watanzania wamesikia habari za vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, hasa Usukumani na mikoa ya jirani, na wengi wao walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Bibi aliyepikia kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini atakuwa na macho mekundu, naye alikuwa akiwapikia wajukuu. Sheria ya Uchawi ipo nchini tangu 1928, lakini sheria hufika baada ya neno kusemwa, na mara nyingi hufika baada ya panga. Macho mekundu yalikuwa karibu na jicho la mtazamaji, kama skrubu ilivyo karibu na mkono wa fundi. Moshi ulikuwa jikoni, na kuufikia kulihitaji mtu ainame na kuingia.

Angalia sasa ufanano huo. Tunashika kilicho karibu si kwa sababu ndicho chenye kosa, bali kwa sababu hakituzuii. Skrubu haina kifuniko. Mjane hana wa kumtetea. Fundi hazungushi kitu kilichofichwa ndani ya injini, na kijiji hakimtuhumu tajiri mwenye watoto wa kiume saba. Mara nyingi kinachoitwa chanzo ni kile kilichokuwa rahisi kukamatwa.

Shuleni mambo yalikuwa hayohayo. Mtoto anayesinzia darasani yuko mbele ya mwalimu, na fimbo iko mezani. Lakini usingizi wake una historia: kisima kiko mbali, mama anaumwa, au ni majira ya kulinda mashamba na mtoto amekesha. Mkuu wa shule anayesoma daftari la mahudhurio kwa makini ataona kwamba utoro una miezi yake, na miezi hiyo inafuatana na kalenda ya kilimo kuliko tabia za watoto. Darasa linaweza kunyamazishwa kwa dakika moja. Likinyamaza, mkaguzi akipita ataandika kwamba nidhamu ni nzuri. Ufa haumo katika taarifa.

Kuna hoja moja ambayo lazima niijibu. Watu watasema: Mwalimu, wewe una pensheni na muda, fundi wa barabarani ana wateja watano wanaosubiri, na dereva ana fedha ya jioni ya kutafuta. Mpira mpya haupo dukani, au upo lakini bei yake ni kazi ya siku nzima. Ni kweli. Sisemi kwamba kulegeza skrubu ni dhambi. Mtu akikwama njiani jioni, mbali na mji, alegeze skrubu afike nyumbani, na afanye hivyo kwa shukrani. Lakini aseme alichofanya. Fundi anayesema, "Nimeishusha tu, ugonjwa bado upo, usiteremke nayo bondeni," amefanya kazi ya haki hata kama hakuponya kitu. Anayesema, "Tayari imepona," kwa kazi ileile na kwa bei ileile, amedanganya. Umaskini unaweza kutunyima kipuri, lakini hautunyimi ukweli kuhusu kipuri hicho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaurudia msemo huu kana kwamba ufa unajulikana ulipo na kilichobaki ni kuziba. Kazi kubwa ni kuutafuta, na kuutafuta kuna adabu zake. Mimi ningewapa vijana adabu moja kabla ya nyingine zote: anza na jaribio ambalo likikosea halimuumizi mtu, na ambalo unaweza kulirudisha nyuma. Geuza usukani. Nenda upande wa pili wa njia. Nyunyiza maji. Jaribio la maji likikosea, umepoteza maji. Skrubu iliyozungushwa kwa kuhesabiwa hurudishwa ilipokuwa. Lakini jina la mtu likishatajwa kwa mwenyekiti wa kitongoji halirudishwi kwa bisibisi yoyote, hata ufa ukipatikana kesho yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jambo lolote lako likianza kunguruma, iwe pikipiki, iwe nyumba, iwe shamba au afya, jiulize kwanza mkono wako umeshika nini, na umekishika kwa sababu gani. Ikiwa sababu ni kwamba kilikuwa karibu, kiachie. Uwashe taa, uiname, utazame upande wa chini.